Aliyekaa Juu ya Injini

Swali la mama lilikuwa moja tu, na aliniuliza nikiwa bado na udongo wa makaburini kwenye viatu: mdogo wangu alikufa papo hapo, au hapana?

Nilimjibu kwamba alikufa papo hapo. Daktari alikuwa amesema hivyo, askari wa barabarani alisema hivyo, na mchungaji akalirudia neno hilo kwenye mahubiri kana kwamba limo katika Biblia. Katika nchi hii kila anayekufa barabarani hufa papo hapo. Sijawahi kumsikia mfiwa hata mmoja akiambiwa vingine, na siku ile neno hilo lilinikera, maana nililitamka kwa kinywa changu mwenyewe nikaona mama ananitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba sato wake katoka ziwani asubuhi hii.

Mama hakuuliza bure. Mdogo wangu alikuwa konda wa basi dogo linalotoka stendi ya Buzuruga kwenda upande wa Mara. Mchana mmoja wa mvua basi lao lilikata kona likakuta lori bovu limeachwa katikati ya njia. Matawi ya kutahadharisha yalikuwepo, ila yalikuwa yamewekwa karibu mno na lori, kama mtu anayekwambia angalia shimo ukiwa umeshatumbukia. Upande wa mlango ndio uliogonga. Miongoni mwa waliotoka salama alikuwepo mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Mwaloni, anayefahamiana na mama yangu. Alikuja msibani mkono umefungwa, akaketi mkekani, na kwa nia njema kabisa akasimulia kwamba wakati watu wanahangaika kutokea madirishani, kulikuwa na sauti ya kiume kule mbele inaita, "Mayu! Mayu!" Ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Iliita kwa muda, kisha ikanyamaza.

Basi lilijaa Wasukuma. Kule mbele hakufa mdogo wangu peke yake, na wote waliokufa walikuwa na mama zao.

"Kama ni yeye, ameniita na sijamwitikia," mama aliniambia baada ya wageni kuondoka. "Kama si yeye, siwezi kuitikia mwito wa mtoto wa mwenzangu."

Asiyelelewa kwetu ataona ni jambo dogo. Tangu utotoni tuliambiwa: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza, kwa sababu hujui unaitikia nini. Mama ni mzee wa kanisa, na wahubiri wamemwambia mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya giza, naye huwaitikia amina kisha ananyamaza vile vile. Lakini pia mama anayeitwa na mwanawe akakaa kimya, huyo kwetu hakuna hata jina la kumpa. Mtoto akiita, mama huitika, hata kama mikono imo ndani ya unga. Kati ya hayo mawili mama alikwama. Aliacha kwenda kwaya. Jirani akimwita kutoka uani alishtuka, akanyamaza kwanza, akatoka nje kumhakikisha mwitaji kwa macho ndipo aitike. Hilo liliniuma kuliko kilio chote cha msibani.

Kazi yangu mimi ni kugonganisha magari yasiyokuwepo. Nina chumba cha kupanga Mirongo, ghorofani juu ya duka la madaftari, na humo tuko wawili, mimi na mtani wangu. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, na tangu tulipokutana chuoni hajawahi kuniamkia bila kunitukana kwanza. Kuna karakana moja inayounda mabodi ya mabasi. Sisi tunaichorea fremu, na kabla chuma hakijakatwa tunaligonga basi ndani ya kompyuta tuone litakunjika wapi. Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nawaambia nachora tu. Ni rahisi zaidi.

Msibani mtani wangu alitimiza wajibu wake wote. Alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Akamsema marehemu kwa kuondoka na chenji za abiria. Halafu akavaa kofia ya mdogo wangu, akasimama mlangoni pa jiko la nje, mkono wa kulia umeshika mwimo juu, kifua mbele, shingo imetoka kama ya jogoo, akapaza sauti, "Magu, Bunda, Musoma! Bado wewe tu mama, gari inaondoka!" Ilikuwa sauti ile ile iliyokwaruzwa na vumbi la stendi. Wanawake waliokuwa wamekaukwa koo kwa kulia waliangua kicheko. Mama naye alicheka, amejiziba mdomo kwa khanga. Kwa kitambo kile kidogo mdogo wangu alikuwa amesimama pale kwetu, na mimi nilimpenda mtani wangu kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema.

Kwa hiyo nilipomweleza swali la mama, hakutania. Aligeuza kiti, akatazama kompyuta yake, kisha yangu.

Shida ilikuwa hii. Programu yangu inajua chuma. Inalikatakata basi zima kama viazi vitamu vya michembe, vile vya kukaushwa juani, halafu inakiuliza kila kipande: umesukumwa kiasi gani, umepinda kiasi gani, umepasuka? Lakini kwake mtu ni mzigo. Unamweka kitini kama gunia la mchele na inatosheka. Programu ya mtani wangu, aliyoijenga mwenyewe wakati wa masomo yake, inajua mwili: uzito wa kichwa, shingo inavyovunjika, mbavu, goti. Lakini kwake basi ni sanduku gumu lisilopinda, linalotikisika tu. Mlango ulioingia ndani haumo kwenye programu yake, na shingo iliyovunjika haimo kwenye yangu. Kila moja peke yake ilikuwa nusu mjinga. Ili kumjibu mama ilibidi zifanye kazi pamoja, katika ajali ile ile moja, kila moja ikiiambia mwenzake kinachotokea.

"Basi tuziozeshe," mtani alisema. "Ila yangu ndiyo bibi harusi. Ninyi Wasukuma leteni ng'ombe."

Tukavuta waya kati ya kompyuta mbili. Utaratibu wenyewe, ukiusema kwa maneno, ni mwepesi. Programu yangu inapiga hesabu ya kipande kidogo sana cha muda, inasimama, inasema: sakafu sasa iko hapa, nguzo ya mlango iko hapa. Ya mtani inapokea, inamsogeza mtu, inajibu: mguu umeisukuma sakafu kwa nguvu hii. Yangu inaichukua nguvu ile, inapinda chuma, inaendelea. Hakuna kutangulia wala kubaki nyuma. Anayetangulia atagonga mahali ambapo mwenzake hayupo.

Kwa maneno ni mwepesi. Mara ya kwanza mtu wetu alipita kwenye bati la mlango kama moshi, akatokea upande wa pili hana jeraha, kwa sababu yangu ilikuwa inapima kwa milimita na yake kwa mita, na sisi wasomi wawili hatukuwa tumelitazama hilo. Mara nyingine saa zao hazikulingana. Moja ilikuwa inatembea hatua fupi na nyingine ndefu, basi nguvu zikazaliwa kusikojulikana, na yule mtu akarushwa kupitia paa akapotelea angani. Mtani alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilipiga meza, chai ikamwagika kwenye michoro. Nilimwambia maneno ambayo hata utani hauyafuniki. Mtu yule tulikuwa tumempa urefu wa mdogo wangu, na uzito wake, na upana wa mabega yake. Mtani aliacha kucheka. Akafuta chai kwa shati lake mwenyewe, akaanza upya.

Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Karakana ikalalamika kwamba michoro yao imechelewa, nikawajibu vibaya. Nilikuwa mtu mbaya kukaa naye siku zile. Mke wangu aliniambia hivyo, na alikuwa ameniambia kwa upole.

Hatimaye zikaelewana. Ilibaki kumpa yule mtu mkao wake, yaani amesimamaje au amekaaje wakati basi linagonga, na hapo hatukujadiliana hata kidogo. Tulimsimamisha mlangoni. Mkono wa kulia juu, kifua mbele, shingo imetoka. Nani asiyemjua mdogo wangu?

Basi likagonga lori. Chuma kikakunjika taratibu kwenye kioo cha kompyuta, kipande kwa kipande, na kichwa kikakutana na nguzo ya mlango. Hesabu ya pigo la kichwa ilipanda mpaka mahali ambapo hakuna binadamu anayerudi kutoka huko.

"Papo hapo," mtani alisema.

Nililia, na ilikuwa furaha. Nilifurahi kwamba kichwa cha ndugu yangu kilivunjika mara moja. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo.

Mama anakaa Kirumba, upande wa mawe, ambako nyumba zimeegemea miamba na harufu ya dagaa hupanda kila upepo unapotoka ziwani. Tulimkuta anachagua mchele kwenye ungo. Mtani akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, nikakaa karibu yake, nikamweleza kwa Kisukuma kadiri nilivyoweza kwamba tumeirudia ajali ndani ya mashine, na kwamba daktari hakusema uongo. Nikamwonyesha. Mtu wa kijivu asiye na uso amesimama mlangoni, basi linakwenda, basi linagonga. Niliikata picha kabla ya kichwa.

"Rudisha," alisema mama.

Nikarudisha. Akatazama tena, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Kisha akageuka, hakunitazama mimi, akamtazama mtani wangu.

"Baba, huyu ni wewe."

Mtani aliinama kuitazama picha tena.

"Huyu ni wewe siku ya msiba, mlangoni pa jiko. Mwanangu alisimama hivi pale stendi tu, wasichana wakimwona. Mkishavuka kizuizi cha polisi anafunga mlango, anakwenda kukaa juu ya mfuniko wa injini kando ya dereva. Barabara anaipa mgongo. Anawatazama abiria, anapiga nao soga, miguu anaining'iniza kwenye ngazi ya mlango. Nimepanda naye mimi kwenda kwa mjomba wenu. Na wewe umepanda."

Ni kweli nilikuwa nimepanda. Nilikuwa nimemwona mara nyingi amekaa hivyo hivyo juu ya mfuniko ule wa moto, amekalia kipande cha godoro, anakula mahindi ya kuchoma na kubishana na abiria habari za mpira. Yote hayo nilikuwa nayo, na mtani wangu alikuwa nayo, na hakuna aliyeyakumbuka. Mtu akiigwa vizuri sana, mwigo humfukuza mwenyewe akakaa mahali pake. Tulikuwa tumejenga mashine ya kupima kila msumari, halafu ndani yake tukamweka mtani.

"Mama," mtani alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu, "mimi nilikuwa namtania tu."

"Najua. Ulimtania vizuri," alisema mama. Akarudi kwenye mchele wake. "Mrudisheni akae alipokaa, halafu mje mniambie."

Tulipofika kwenye ngazi za Mirongo, mtani alisimama.

"Tusifanye," alisema. "Tukae siku mbili tatu, twende tumwambie tumerekebisha na jibu ni lile lile. Atalala usingizi."

"Huwezi kumdanganya mama yangu. Umemwona leo."

"Nimemwona. Lakini anayetaka kujua ni nani, yeye au wewe?"

Nilimfokea. Watoto wa shule waliokuwa wananunua madaftari chini waligeuka kututazama. Nilimwambia yeye na mizaha yake ndio waliotufikisha hapa, jambo ambalo halikuwa haki, na sote wawili tulilijua hilo. Yeye alipanda ngazi mbele yangu, akafungua mlango, akawasha kompyuta yake, na ndiye aliyemshika yule mtu wa kijivu akamgeuza, akamkalisha juu ya mfuniko wa injini, akamnyoosha mgongo ukaegemea mbele ya basi, akamning'iniza miguu. Alifanya kwa uangalifu mkubwa. Alipomaliza nilitazama kioo nikamwona mdogo wangu, bila uso, bila kofia, bila sauti yoyote, kama alivyokuwa.

Kwanza tuliziendesha programu kila moja peke yake, kwa woga tu, tukichelewesha. Yangu ilisema gunia lililowekwa pale lingesukumwa kidogo na kubaki mahali pake. Yake ilisema mtu aliyekaa hivyo ndani ya sanduku gumu angetikiswa, akashuka, akajipangusa. Tukaziunganisha.

Basi likagonga. Mgongo wake ulisukumwa na sehemu ya mbele ya basi, nayo ikabonyea na kumpokea. Kichwa kikarudi nyuma, kikapata pigo la wastani, kikatulia. Mbavu ziliumia upande mmoja. Lakini ngazi ya mlango iliinuka, na mlango ukaingia kwa chini, na vile viwili vikaibana miguu yake kuanzia magotini. Halafu kila kitu kikasimama. Hakuna hesabu yoyote ya kichwa wala kifua iliyofika kwenye kifo. Alikuwa hai, akili timamu, amebanwa, uso wake umewaelekea abiria wake wanaotokea madirishani. Mwili aliokuwa nao ulikuwa na damu ya kutosha kwa muda fulani, na mashine haikuhitaji kutuambia ni muda gani, maana mama muuza dagaa alishasema. Sauti iliita kwa muda, kisha ikanyamaza.

Niliwawazia wale abiria. Sikuwachukia. Wengine walikuwa wamevunjika, mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyekuwa na hata mtaimbo. Lakini wapo waliorudi ndani kuchukua mizigo yao, mama muuza dagaa alilisema hilo pia, na hao nimeshindwa kuwasahau.

Mtani wangu, ambaye kaburini alikuwa na neno hata kwa marehemu, alichomoa waya kati ya kompyuta zetu, akauviringa, akauweka mfukoni.

Tulikwenda Kirumba pamoja. Nilimwambia abaki akakataa. Alisimama mlangoni kwa mama, nami niliona jinsi alivyosimama: mikono mfukoni, mbali na mwimo.

Mama alikuwa anakung'uta dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga. Alinitazama usoni mara moja.

"Si papo hapo," alisema.

"Hapana."

"Kichwa?"

"Kizima, mama."

"Kifua?"

"Kiliumia. Pumzi ilikuwepo."

"Miguu, basi."

"Miguu."

Alitikisa kichwa polepole. Mkono wake uliendelea kutembea juu ya dagaa, unatafuta mchanga.

"Kwa hiyo aliita."

Hapo nilitaka kuwa mkweli, na sijui kama ukweli ule ulikuwa wa kumsaidia yeye au wa kujisitiri mimi. Nikamwambia mashine haijui sauti. Haiwezi kusema aliita. Nikamwambia kule mbele kulikuwa na watu wengine, labda nao hawakufa mara moja, hao hatukuwapima. "Inachosema ni kwamba angeweza kuita, mama. Basi."

"Angeweza kuita," alisema, "akiwa amebanwa miguu, ananing'inia pale, watu wanatoka. Wewe unamjua mdogo wako. Angeweza kuita halafu asiniite?"

Mdogo wangu alikuwa anamwita mama hata akikosa chumvi mezani.

Mama aliweka ungo chini. Alipangusa magamba ya dagaa mapajani, akajifunga khanga upya, akainuka akiegemea goti. Mtani alimpisha. Mama akatoka mpaka ukingoni mwa uwanja, pale jiwe kubwa linapoishia na mabati ya majirani yanapoanza kushuka, akaligeuzia mgongo ziwa, akaelekea upande wa Buzuruga na barabara inayokwenda Mara. Hapakuwa na mtu yeyote wa kumwona.

"Abee!" aliitika.

Aliitika kwa sauti ya kuvuta, kama tulivyomsikia tukiwa wadogo tulipokuwa tunamwita tukiwa kule chini majini. Akasubiri kidogo.

"Abee, mwanangu! Nimesikia!"

Ng'ambo ya ua jirani yake aliinua kichwa kutoka kwenye beseni la nguo, povu mikononi.

"We jirani, nani anakuita?"

"Mtoto," alisema mama.

Jirani alitutazama sisi wawili pale mlangoni, kisha akamtazama mama. Akaacha nguo zake kwenye maji, akajifuta mikono, akazunguka ua akaja kusimama naye.